Chupa ya GV Uliyoitupa

Mama yangu,

Shikamoo. Ipokee kama ningekuwa nimeinama mbele yako pale mlangoni mwa jiko, nawe umeniwekea mkono mmoja kichwani, wa pili umeshika mwiko. Goti lako linaendeleaje na baridi ya masika? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Na kahawa imeshika, au mvua imepukutisha maua yote chini kama mwaka ule? Mimi mwili ni mzima. Chakula nakula, ingawa hakuna siku nisiyoitamani loshoro yako ya mahindi na maziwa ya mgando. Baridi ya Ujerumani nimeizoea kama mtu anavyomzoea mkwe mkali. Lakini moyo wangu, Mama, umechafuka, na leo sitakuficha kitu.

Nakuandikia kwa mkono makusudi. Nikituma ujumbe kwenye simu, Anaeli ndiye anayekusomea, na huyo mdogo wangu nikimpa maneno kumi anakufikishia matatu, mawili kati ya hayo ni ya kwake mwenyewe. Barua hii nimempa dada mmoja wa usharika wetu wa huku anayesafiri wiki hii. Ataiacha kwa shangazi pale Sekei, na shangazi atakuletea hadi nyumbani. Miwani unayo. Isome mwenyewe, polepole, mahali ambapo hakuna mtu wa kukutafsiria.

Anaeli ameniandikia kwamba alipopanda huko kutoka Sombetini Jumamosi ile na kukusimulia yaliyonipata, uliinuka hapo hapo. Anasema ulitoka ukaenda nyuma ya banda la kuku, ukachukua chupa yako ya GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda unayopakia vifaranga, ukaitumbukiza chooni. Halafu ukasema, "Basi. Dawa yangu imemharibia mwanangu kazi."

Mama, niliposoma hivyo niliketi kwenye ngazi na sare yangu ya kazi na viatu vyenye tope, nikashindwa hata kulia kwa hasira. Sikukasirika na wewe, Mungu apishe mbali. Nilikasirika kwa sababu watu wa huku wamenionea mimi, na uonevu huo ukapanda ndege ukafika mpaka kwenye banda lako. Sasa sikiliza habari hii kwa mimi niliyekuwepo.

Unajua kwamba mwaka wa kujitolea na kanisa ulipoisha nilipata nafasi ya kusomea kazi ya kutunza wanyama, na kwamba nasomea hapo hapo kazini, kwenye bustani ya ndege. Nisichokueleza ni kwamba miezi ya kwanza ni ya majaribio. Ndani ya miezi hiyo wakikuchoka wanakuambia kwaheri, na kazi ikiisha, kibali cha kuishi nacho kinaisha. Sikukueleza kwa sababu ungekesha ukiniombea, na goti lenyewe ndilo hilo.

Bustani ni nzuri, siwezi kusema uongo. Ndege wenye rangi wa dunia nzima wako pale. Kuna makasuku wakubwa wa Amerika Kusini, mgongo bluu na kifua njano, wanaotukana kwa Kijerumani. Kuna tausi wa India, na jogoo wa porini wa Uchina mwenye kichwa cha dhahabu na tumbo jekundu kama pilipili iliyoiva, anajisikia huyo utadhani yeye ndiye mwenye bustani. Kuna vikasuku vya Australia ambavyo Mungu alipovipaka alikuwa anamalizia makopo yote. Kwetu pia wametoka wawakilishi. Wapo kwenzi, wale wale bluu na rangi ya chungwa wanaotuibia makombo kule ziwani Momela, na huku wamewekewa kibao na watu wanawapiga picha. Yupo na shorobo wa misitu yetu, akifungua mbawa unauona ule wekundu wa ndani. Huyo nilikuwa namsalimia kila asubuhi, maana sisi ni watu wa mlima mmoja.

Na wapo heroe, wale wa waridi wenye miguu mirefu. Hapa ndipo nataka utulie, Mama. Wa kwetu pale ziwani hakuna anayewafanya kitu. Unakumbuka siku uliponichukua kumpelekea marehemu Baba chakula, alipokuwa anafyeka njia kule hifadhini? Nilikuuliza nani amewapaka wale ndege, ukaniambia wanakula rangi yao majini. Nilikuja kusoma darasani huku kwamba ulisema kweli tupu. Sasa heroe wa huku hawana ziwa la magadi. Wana bwawa la saruji, na wakiachwa hivyo hivyo manyoya yote mapya yanaota meupe. Kwa hiyo kuna gunia la unga mwekundu. Kila asubuhi kazi yangu mimi Elinami ilikuwa kuchota unga huo kwa kijiko maalumu, kuuchanganya kwenye uji wao na kuwapelekea. Nilipouliza itakuwaje tukiacha, msimamizi wangu, Bi. Ursula, aliniambia iliwahi kutokea, heroe wakapauka, na wageni wakalalamika kwamba wamekuja kuona heroe na si mabata. Liweke hilo moyoni, nitalirudia.

Mwisho wa bustani kuna uwanja wa watoto wadogo. Pale hakuna ndege wa ajabu, ni kuku tu, kwa sababu watoto wa mjini huku kuku hawamjui. Pasaka hii kuku mmoja mweupe alitoka na vifaranga kumi na wanne. Uwanja una uzio lakini juu ni wazi, na huku, Mama, mwewe ni wengi kama kwetu, wale wenye mkia wa panda. Siku ya kwanza akashuka, akaondoka na mmoja. Kesho yake mmoja. Siku ya nne wa tatu akabebwa mbele ya watoto wa chekechea, kilio kikawa kikubwa. Nikaenda kwa Bi. Ursula kuuliza tunafanyaje. Akainua mabega, akasema ndivyo maumbile yalivyo, mwewe naye anakula. Maumbile gani, jamani, ndani ya uzio wenye kibanda cha kukatia tiketi? Kasuku wake mmoja akipiga chafya daktari anapigiwa simu. Kifaranga wa kuku akibebwa, ni maumbile.

Usiku sikulala, kisha nikafanya ulilonifundisha. Jikoni kwenye mgahawa wa bustani kuna rangi za keki, na mpishi alinipa chupa ya rangi ya waridi iliyobaki. Ni rangi ile ile watoto wao wanailamba kwenye keki mpaka puani. Nilingoja siku yenye jua, saa sita mchana. Nilifanya kama wewe, kwa kitambaa na si kwa kumwagia, mgongoni na kwenye mbawa tu, mbali na macho na mdomo, tumbo lisiguswe likapata baridi. Nikawaweka juani mpaka wakakauka kabisa. Nikamgusa na mama yao rangi kidogo kifuani, asije akawaona wageni akawakataa. Mikono yangu ilikuwa inajua yenyewe. Nilikusikia unavyomwambia Anaeli alipokuwa anatucheka: "Mwewe anajua kifaranga. Mwonyeshe asichokijua, atapita."

Akapita, Mama. Siku tisa mwewe walizunguka pale juu, wakaangalia, wakaenda zao. Kumi na mmoja walibaki kumi na mmoja. Watoto wakawa wanakimbilia kule kwanza, wanawaacha makasuku wa Amerika Kusini wakijitukania peke yao. Bi. Ursula alipita akawaona, akatikisa kichwa, akaendelea na njia yake. Kosa langu nalikubali na nitalikubali popote: sikuomba ruhusa. Lakini niambie, kwetu nani anaomba ruhusa ya kumwokoa kifaranga? Nilidhani nimefanya kazi yangu. Nilisahau kwamba niko kwa watu.

Siku ya kumi mgeni mmoja, mwanamke, aliwapiga picha akaandika ofisini kwamba bustani inatesa ndege kwa kuwapaka kemikali. Asubuhi iliyofuata Bi. Ursula akaja amevaa glavu, akasema wanaoshwa sasa hivi. Mama, usiku kulinyesha, upepo ulikuwa unakata masikio. Nikamsihi. Nilimwambia rangi itaondoka yenyewe manyoya ya utoto yakidondoka, wiki mbili tatu tu. Akakataa. Nikamwomba basi angoje mchana, tuwaoshee ndani, kwa maji ya moto kidogo, tuwashe taa wakauke. Akaniambia nimeshafanya ya kutosha, niende zangu, heroe wanasubiri chakula.

Nikaenda. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilitii. Nilisimama pale nachota unga mwekundu kwa kijiko, nawatia rangi ndege wakubwa wapendeze, huku nyuma yangu wadogo wanasuguliwa rangi yao kwa sabuni ya vyombo na maji ya bomba, nje, kwenye upepo. Nilipomaliza nikakimbia. Nikakuta wanane wameoshwa wamewekwa kwenye boksi la karatasi, wamelowa mpaka ngozi, wanatetemeka bila sauti. Nikawatia ndani ya sweta langu. Kufika saa tisa, sita walikuwa wamekufa. Watatu hawakuoshwa kwa sababu mama yao aliwaficha chini ya lundo la majani makavu, akamdonoa Bi. Ursula mkononi alipotaka kuwatoa. Kuku yule ana akili kuliko ofisi nzima.

Nikadhani mtu ataona haya. Kumbe waliandika karatasi. Nimeisoma mara tatu na kamusi, nisije nikawasingizia. Inasema mimi Elinami, kwa kutojua na kwa kufuata desturi za kikatili za nyumbani kwangu, nimesababisha vifo vya vifaranga sita kwa kuwapaka rangi, na kwamba naomba radhi. Maji hayamo. Upepo haumo. Bi. Ursula hayumo. Mpishi aliulizwa kuhusu rangi akasema hakumbuki kama alinipa. Wakanipa mpaka Jumatatu nitie sahihi.

Nitakuambia ukweli ambao sijamwambia mtu. Nilikuwa nimeshaamua kusaini. Niliwaza kibali, niliwaza miaka mitatu ya masomo, niliwaza kwaya ya akina mama ilivyoniimbia siku naondoka na mchungaji alivyoniwekea mikono. Nikasema, karatasi ni karatasi, nimeze mate yachungu nibaki. Ndipo nikampigia Anaeli nikilia, naye akaja kwako na maneno yake matatu. Jumapili jioni ukanifikia ujumbe wa chupa. Mama, hapo mkono wangu ukafa. Nilijiuliza, kama wewe uliye mbali hivyo umeamini kwamba dawa yako ni ukatili, mimi nikisaini nitakuwa nimekuwekea muhuri juu. Desturi za kikatili za nyumbani kwangu ni nani, kama si wewe? Wewe unayempa kuku maji kabla hujanywa chai.

Jumatatu asubuhi naingia kazini, nikasimama getini kama mtu aliyepigwa kofi. Wamebandika tangazo kubwa, na juu yake ni picha ya wale vifaranga watatu waliofichwa na mama yao, rangi yangu mgongoni, wamepangana kwenye majani. Chini imeandikwa njooni mtuone. Ukatili wangu wameufanya mapambo ya geti.

Mkurugenzi aliniita pamoja na Bi. Ursula. Si mtu mbaya, anaongea taratibu, alinipa chai. Akasema anajua sikuwa na nia mbaya. Akasema wageni wameuliza sana habari za vifaranga wa waridi, na sherehe ya kiangazi inakuja, kwa hiyo wamefikiri: nisaini karatasi ibaki kwenye jalada, mambo yaishe, halafu niwapake vifaranga wengine ishirini, waridi na kijani na bluu, kwa ajili ya watoto. Safari hii, akasema, itakuwa chini ya usimamizi, hivyo haitakuwa na tatizo. Miezi ya majaribio nitapita. Bi. Ursula alikuwa anaangalia dirisha.

Nikamuuliza, mwewe je? Akashangaa, akasema hapana, vifaranga wa sherehe watakaa ndani ya wavu ulioko stoo. Yaani, Mama, wavu upo. Siku zote ulikuwepo stoo.

Nikamwambia, "Mama yangu hapaki vifaranga ili wapendeze. Anapaka ili wabaki."

Akasema anaheshimu sana utamaduni. Nikamwambia na heroe nao kila asubuhi nawatia rangi mimi, kwa kijiko chenu, na hakuna aliyeniletea karatasi. Bi. Ursula akasema kile ni chakula, ni kitu tofauti. Nikasema sawa, mimi mwanafunzi, nitajifunza tofauti. Nikaigeuza ile karatasi yao, nyuma ilikuwa nyeupe, nikaandika kwa Kijerumani changu cha kuchechemea: nilipaka rangi bila kuomba ruhusa, hilo ni kosa langu na naliombea radhi. Vifaranga sita walikufa kwa maji baridi siku ya upepo, na si mimi niliyewaosha. Aliyenifundisha kupaka ni mama yangu, na vifaranga wake hawajawahi kufa kwa rangi. Nikatia sahihi hapo, jina langu lote na la Baba.

Jumatano wamenijibu kwa barua fupi. Majaribio hayataendelea. Mwisho wa mwezi naondoka. Nitakuwa nyumbani kabla kahawa haijaanza kuiva, kwa hiyo vikapu vya kuchumia usivigawe.

Najua watakavyosema. Wataanzia kisimani wamalizie kanisani: mtoto wa Mama Elinami amefukuzwa Ulaya kwa ajili ya kuku. Waambie ndiyo, kwa ajili ya kuku. Mwenye maneno zaidi aningoje mimi, nitamweleza kwa kituo, na tangazo lao nimelipiga picha nakuja nalo. Nimekasirika, Mama, na sitaki uniambie nisamehe upesi. Nitasamehe nikishashiba ugali wa nyumbani. Ninachosikitika ni shorobo. Leo asubuhi nilikwenda kumuaga, akafungua mbawa zake nyekundu akaruka kwenye tawi la mbali, kama vile naye amekasirika.

Sasa lililonifanya nikimbize barua hii. Anaeli anasema kuku wako wa madoa ametoka na tisa, na tangu utupe chupa mwewe ameshachukua wawili. Wewe unakaa mlangoni na fimbo kutwa nzima, na goti hilo. Mama, hao saba wana kosa gani? Hawajui Ujerumani iko wapi. Kabla hujaikunja barua hii, mtume mtu dukani akuletee chupa nyingine ya GV. Usingoje nirudi. Usione haya, na mtu asikuambie kwamba ni ujinga, hata kama mtu huyo ni Anaeli na simu yake.

Shangazi wa Sekei, aliyenishonea koti la safari, mpe shikamoo yangu na umwambie koti bado halijaachia hata uzi. Bibi mzaa Baba mwambie nakuja kumkuna mgongo, asife kwanza. Akina mama wa kwaya wasalimie wote, waambie sauti ya pili inarudi. Mchungaji mweleze yote kabla hajaelezwa na wengine. Anaeli mwambie nampenda, lakini tutaongea.

Ndimi binti yako anayerudi na begi lile lile moja,

Elinami

Usisahau kumgusa mama yao kifuani, asiwakatae.